Maswali yenu: Jenerali Dodds alikuwa mwenzetu au mkoloni?

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Juzi tulikuwa tunabishana kijiweni kuhusu Dahomey, ule ufalme wa zamani ambao leo uko ndani ya nchi ya Benin, mmoja akasema yule ofisa wa jeshi la Ufaransa aliyemng'oa mfalme Béhanzin alikuwa mtu wa Senegal, mi nikamwambia aache fiksi, Mfaransa gani wa zama zile angempa mweusi jeshi zima? Tumewekeana dau la soda, sema nani kashinda.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kanunue soda.

Jamaa anaitwa Alfred-Amédée Dodds, kazaliwa 6 Februari 1842 Saint-Louis, ule mji wa kisiwani karibu na mto Senegal unapoingia baharini. Ila na rafiki yako asijitape sana maana "mweusi" hapo inahitaji maelezo kidogo, Dodds alikuwa chotara, na machotara wa Saint-Louis walikuwa watu wa aina yake kabisa, familia za biashara zenye majumba, zinazosali kanisani na kuongea Kifaransa mezani na Kiwolofu uani. Wengi wao ukifuatilia ukoo unamkuta bibi mmoja mfanyabiashara, wale akina mama walioitwa signare, walikuwa na mali zao wenyewe na hawakubabaishwa na mtu. Hilo jina Dodds ni la Kiingereza, usishangae, Waingereza waliuteka ule mji zaidi ya mara moja, mara ya mwisho walikaa kuanzia 1809 mpaka 1817. Halafu mwaka 1848 watu wa pale wakapiga kura kupeleka mbunge Paris, na yule wa kwanza naye alikuwa chotara. Sasa mtoto aliyekulia mazingira kama yale ukimwambia Ufaransa ni nchi ya wageni anakushangaa.

Akaenda Saint-Cyr, chuo kikubwa cha maofisa, kaingia 1862 katoka 1864 na nyota begani, akapangiwa jeshi la miguu la wanamaji. Jina linachanganya, hawa hawakuwa wakipigana melini, ni askari wa nchi kavu waliokuwa chini ya wizara ya majini kwa sababu makoloni yalikuwa chini ya wizara hiyohiyo, na ndio waliokuja kuitwa rasmi jeshi la kikoloni mwaka 1900. Vita vya 1870 na Waprusi vikamkuta kapteni, akatekwa Sedan lile jeshi la mfalme Napoleon III liliposalimu amri, akatoroka, akarudi kupigana tena. Baada ya hapo miaka mingi anazunguka Senegal kwenye zile kampeni za kuwatuliza wenyeji, kutuliza wanasema wao, na safari ya Indochina katikati, mpaka kufikia 1892 ni kanali wa miaka hamsini anayeijua Afrika Magharibi kuliko karibu ofisa yeyote mwenzake. Ndo maana Paris ikamchagua yeye, walitaka mtu atakayefika Abomey, mji mkuu wa Dahomey, bila kuzika nusu ya kikosi kwa homa njiani.

SWALI: Mzee, hivi hiyo vita ya Dahomey chanzo chake nini hasa? Na wale wanawake askari ni kweli walikuwepo au ni stori za wazungu?

JIBU: Walikuwepo tena sana, kwa Kifon, lugha ya Wadahomey, wanaitwa agojie, wazungu ndo wakawabandika jina la Amazoni kutoka kwenye hadithi za Wagiriki. Ila tuanze na chanzo.

Ufaransa ilikuwa imeng'ang'ania Cotonou, bandari, na ilikuwa inamlinda Toffa, mfalme wa Porto-Novo, ambaye na Dahomey walikuwa hawaivi chungu kimoja. Wakapigana 1890, vita haikumpa mtu ushindi wa maana, Oktoba mwaka ule wakaandikiana mkataba kwamba Wafaransa wakae Cotonou na Béhanzin alipwe faranga 20,000 kila mwaka. Wote wawili wakaweka sahihi na wote wawili wakaanza kujiandaa upya, Béhanzin akawa ananunua bunduki za kisasa kwa wafanyabiashara wa Kijerumani kule Ouidah, na malipo yake sehemu ilikuwa ni watu, hili lazima tuliseme, Dahomey ilikuwa imenenepa kwa biashara ya utumwa miaka mingi na majirani zake walikuwa na kila sababu ya kuichukia. Machi 1892 gavana Victor Ballot akawa anapanda mto Ouémé na boti ya kivita Topaze, ikapigwa risasi. Basi, sababu imepatikana.

Dodds katua Cotonou mwezi Mei. Kakusanya kama watu elfu mbili na kidogo, Lejioni ya Kigeni, lile jeshi la Ufaransa la askari wa mataifa mengine, wanamaji, wale askari wa Senegal wanaoitwa tirailleurs, Wahausa, ukiacha wapagazi ambao nao walikuwa wengi na hakuna anayewakumbuka. Hakukimbilia kupita barabara ya Ouidah ambako Béhanzin alikuwa anamsubiri, akapanda na mto Ouémé, boti zinamletea chakula na risasi. Alfajiri ya 19 Septemba Wadahomey wakaivamia kambi yake pale Dogba, wakaja kwa maelfu, wakarudi tena na tena, na wale wazungu walioandika habari zao baadaye wote wanakubaliana kwamba wanawake walipigana bila kurudi nyuma. Ila ushujaa mbele ya bunduki ya Lebel inayopiga risasi mfululizo na mizinga juu ya boti una kikomo chake. Kingine, Wadahomey walikuwa na bunduki nzuri lakini wengi hawakufundishwa kulenga nazo, walizipiga toka kiunoni kama zile gobori zao za zamani, risasi zinapita juu ya vichwa.

Oktoba wakapigana Poguessa, wakapigana Adégon, pale singe ziliwamaliza agojie wengi mno. Halafu kikosi kikauacha mto kikakata magharibi, na hapo ndo Dodds karibu akwame, sio kwa risasi, kwa maji. Ule uwanda wa kuelekea Abomey visima ni vichache na vina kina, majeruhi wengi, wagonjwa wa kuhara wengi, ikabidi asimame kwanza kusubiri nguvu mpya. Mwanzoni mwa Novemba kaichukua Kana, na tarehe 17 Novemba 1892 kaingia Abomey kakuta moto unawaka, Béhanzin kachoma majumba ya wazee wake mwenyewe kisha kapotelea kaskazini.

Dodds akapandishwa kuwa jenerali. Mei 1893 akarudi Ufaransa kupokewa kwa shangwe, baada ya miezi michache akarudi kumsaka mfalme porini. Béhanzin hakukamatwa, alijitokeza mwenyewe Januari 1894 pale Goho, kwa sababu Wafaransa walikuwa wamemweka ndugu yake Agoli-Agbo kwenye kiti. Wakamsafirisha na wake zake na mwanae Ouanilo mpaka Martinique, huko kote alikuwa anaomba kurudishwa nyumbani, 1906 wakamhamishia Algeria na akafa hukohuko Desemba mwaka ule. Mwili ulirudi Dahomey 1928 baada ya Ouanilo, ambaye kwa wakati huo ni mwanasheria Ufaransa, kuhangaika miaka na miaka, na Ouanilo mwenyewe akafia Dakar mwaka huohuo akiwa njiani kurudi Ufaransa.

SWALI: Sasa mzee mimi kinachoniuma ni kwamba alikuwa damu yetu. Huyu si msaliti tu? Na wewe mbona unamsifu sifu.

JIBU: Dada yangu sijamsifu, nimesema alijua kazi, mwizi naye anaweza kujua kazi.

Neno msaliti kwangu halikai sawa hapa, maana msaliti lazima kwanza awe wa kwenu. Dodds hakuwa Mfon, hakuwa Mdahomey, alikuwa raia wa Saint-Louis, na wakati ule hakuna mtu aliyekuwa anaamka asubuhi na kujiita Mwafrika kwa maana unayoitumia wewe leo. Toffa wa Porto-Novo naye alifurahi Abomey ilipoanguka, mbona hatumwiti msaliti? Wale tirailleurs kikosi chao kilianzishwa 1857 na Faidherbe, gavana Mfaransa wa Senegal, na wengine waliingia kwa kununuliwa kutoka utumwani, mabwana wanalipwa fedha za kuandikisha na mtu anageuka askari wa miaka kadhaa. Ukiuangalia ule msafara wa 1892 kwa macho ya mtu wa kijijini Ouémé, sehemu kubwa ya waliokuja kukuchomea nyumba ni weusi kama wewe, wanaamriwa na chotara kwa niaba ya watu wa Paris. Mimi hilo ndo linaniuma zaidi kuliko rangi ya huyo mmoja aliyekuwa mbele. Na Agoli-Agbo aliyekubali kukalia kiti cha nduguye, walimtumia miaka sita tu, 1900 wakamtupa Gabon.

Kilichobaki cha maisha yake ni kifupi, Indochina tena, ujenerali wa divisheni, nishani, amefariki Paris 1922.

SWALI: Kaka, vile vitu alivyoiba vilirudishwa vyote?

JIBU: Vyote, hapana. Dodds aliondoka na milango ya ikulu, viti vya enzi vya Ghezo na Glèlè, wafalme waliomtangulia Béhanzin, na yale masanamu matatu makubwa, Ghezo nusu mtu nusu ndege, Glèlè nusu simba, Béhanzin nusu papa, papa ndiyo alama aliyoichagua mwenyewe kuwatishia wazungu wanaotokea baharini. Akavitoa zawadi kwa makumbusho ya Trocadéro kule Paris, 1893 na 1895, zawadi ya vitu vya watu. Vikaishia makumbusho ya quai Branly. Benin ilipoomba 2016 ikajibiwa kwamba mali ya taifa la Ufaransa kisheria haihamishwi, ikabidi itungwe sheria maalumu Desemba 2020, na Novemba 2021 vitu 26 vikapanda ndege kwenda Cotonou. Februari 2022 vikaonyeshwa ikulu na watu wakapanga foleni.

Ila yule Gou, mungu wa chuma na vita, sanamu la chuma la kazi ya Akati Ekplékendo, hayumo kwenye hizo 26. Huyo hakuchukuliwa na Dodds, alichukuliwa Ouidah 1894 na kapteni anaitwa Fonssagrives, na Benin imeshamuomba.

Mliouliza kuhusu Faidherbe na Marchand wa Fashoda nimewaona, subirini toleo lijalo.