Hesabu Kabla ya Jembe: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Ufugaji wa Samaki

Safari hii maswali mengi yametoka Pemba, na mengi yanahusu mwatiko, samaki wa maji ya chumvi anayefugwa mabwawani. Tumeanza na la kijana aliyepewa kazi ya kuwashauri wenzake, kwa sababu makosa makubwa ya bwawa hufanyika kabla halijachimbwa.

Assalamu aleikum. Nimechaguliwa kuwa mshauri wa ufugaji wa samaki katika shehia yetu. Kikundi cha watu 18 kinataka kuchimba bwawa la mita 30 kwa 40, na sehemu ya mikoko itabidi ikatwe. Wananisubiri mimi niseme ndiyo. Nipime nini, na niwaambie nini? (Msomaji, Micheweni)

Waaleikumu salaam, ndugu yetu. Usiseme ndiyo bado.

Bwawa la maji ya chumvi halichimbwi ndani ya mikoko. Mikoko inalindwa na sheria, lakini hata isingelindwa, pale ni mahali pabaya. Mizizi ikioza ndani ya kuta huacha mianya na maji yakavuja. Udongo wa chini yake mara nyingi una salfa, na salfa hiyo ikipata hewa hugeuka tindikali. Tena vifaranga mnavyotaka kufuga, na kaa koko wanaowapa watu kitoweo, hukulia humo humo. Tafuteni jangwa, ule uwanda wa chumvi ulio nyuma ya michu na mikandaa (aina za mikoko), usioota kitu, unaofikiwa na maji wakati wa bamvu, yaani siku bahari inapojaa sana.

Hapo sasa pimeni, kikundi kizima, si mwenyekiti peke yake. Chimbeni shimo la mita moja. Chukueni udongo wa kina cha sentimita 30, 60 na 100, muuloweshe kidogo na kuuviringisha uwe mwembamba kama penseli, kisha muupinde uwe pete. Usiopasuka ni mfinyanzi na utashika maji. Unaomeguka una mchanga mwingi. Jioni jazeni shimo maji, mlifunike kwa makuti, na asubuhi mtazame yamepungua kiasi gani. Udongo mwingine uwekeni kwenye sahani ukae na unyevu kwa wiki kadhaa, kisha upimeni pH, yaani kipimo cha tindikali, kwa karatasi. Ukishuka chini ya 4, hameni. Harufu ya yai bovu peke yake haithibitishi kitu, lakini ukiona utando wa rangi ya kutu juu ya maji ya shimo, jihadhari.

Jambo la maji ndilo linalosahauliwa zaidi. Siku ya bamvu pigeni vigingi pale maji yanapofika, na siku za maji mafu, bahari inapojaa kidogo, vivyo hivyo, halafu linganisheni usawa kwa mpira mwembamba wa maji kama wa mafundi waashi. Sakafu ya bwawa iwe juu ya usawa wa maji yaliyokupwa kwenye mkondo, ili bwawa likauke lote bila pampu. Uwanda ukiwa juu mno, maji mapya mtayapata siku chache tu za bamvu. Katikati ya hapo jua la kaskazi hunyonya kama milimita 6 kwa siku. Bwawa la kina cha sentimita 50 lililojazwa maji yenye chumvi gramu 35 kwa lita, baada ya siku 10 litabaki na sentimita 44, na chumvi itakuwa karibu gramu 40. Mwatiko atastahimili, hata zaidi ya hapo, ila kadiri chumvi inavyopanda ukuaji wake hupungua.

Kuta ziwe na upana wa mita moja juu, zizidi bamvu kubwa kabisa kwa sentimita 50. Jengeni kwa ziada ya moja ya tano, kwa kuwa udongo mpya hushuka. Chini ya kila ukuta chimbeni kwanza mtaro wa nusu mita mjaze mfinyanzi ulioshindiliwa. Kaa hutoboa, na mtaro huo ndio utakaozuia shimo lake lisiwe mfereji. Bomba la kuingizia maji, la inchi 6, lifungwe wavu wa matundu ya milimita moja au mbili. Chewa mdogo akipenya leo, baada ya miezi mitatu mtashangaa mwatiko wamekwenda wapi.

Halafu kaeni chini ya mwembe mfanye hesabu. Bwawa lenu lina mita za mraba 1,200. Likitegemea mbolea na chakula kidogo cha ziada, lina nafasi ya samaki mmoja kwa mita, yaani 1,200. Wakipona wanane kwa kila kumi, mtavuna 960. Kila mmoja akiwa na gramu 300, jumla ni kilo 288. Gawanya kwa watu 18: kilo 16 kwa mtu, baada ya miezi sita au zaidi ya kazi, kabla ya kutoa gharama. Wape hesabu hii kabla ya jembe la kwanza. Vikundi vingi havivunjwi na ugonjwa wa samaki, huvunjika siku ya mavuno. Huenda wakaamua kuanza watu sita, au kuliweka bwawa kuwa nyongeza ya mwani na kilimo. Uamuzi ni wao, wewe kazi yako ni namba ziwe za kweli.

Wakikubali, sheha na kamati ya wavuvi wajue mapema, kisha muende Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi na kwa mamlaka ya mazingira, ZEMA, kwa ajili ya vibali.

Maji ya bwawa letu yamekuwa kijani kibichi. Alfajiri mwatiko wanapanda juu wakihema, jua likitoka wanashuka. Juzi baada ya mvua kubwa wengi wamekufa. Wengine wanasema wana njaa, tuongeze chakula. (Kikundi cha wafugaji, Pujini)

Msiongeze hata konzi moja. Samaki wenu wamekosa hewa. Ule ukijani ni mimea midogo sana ambayo mchana hutoa oksijeni na usiku huitumia. Ikiwa mingi mno, kufika alfajiri imeimaliza, na chakula kinachooza chini kinamalizia kilichobaki.

Chukueni kifuniko cheupe cha upana wa sentimita 20, mkifunge kwenye fimbo yenye alama, mkizamishe saa sita mchana. Kikipotea machoni kwenye sentimita 30 hivi, bwawa ni zima. Kikipotea kabla ya 20, simamisheni mbolea na chakula siku hiyo hiyo na mbadilishe maji, robo ya bwawa kwa kila maji yanayojaa, mpaka kionekane tena. Usiku wa hatari, pampu ndogo inayochota maji na kuyarusha juu yamwagike kama mvua huokoa samaki. Ikiwa maji ya bahari yamejaa nje, fungueni lango bila kungoja kukuche.

Mvua ni jambo la pili. Maji ya mvua ni mepesi, hukaa juu ya yale ya chumvi, na yale ya chini hukosa hewa. Ndiyo maana lango zuri lina mbao za kuondoa moja moja: baada ya mvua mnaondoa ya juu tu, maji ya mvua yatoke, ya chumvi yabaki. Lakini tazameni pia kuta. Zikiwa na madoa ya rangi ya kutu, na maiti za samaki zina utando wa rangi hiyo kwenye mashavu, mvua imekosha tindikali ikaiingiza bwawani. Dawa yake ni chokaa juu ya kuta kabla ya masika, na kuosha bwawa tupu kwa kujaza na kukausha mara kadhaa kati ya mavuno na mavuno.

Hapa tuseme kwa msisitizo: chokaa ya mawe iliyochomwa, ile ya kujengea, ni kali. Isitiwe ndani ya bwawa lenye samaki. Inafaa sakafu iliyokaushwa, kilo 10 kwa kila mita za mraba 100, kisha mngoje wiki mbili na kuosha ndipo mtie mbolea. Mkichanganya chokaa na samadi ya kuku siku moja, naitrojeni nyingi inapaa angani na fedha yenu nayo.

Nitawatambuaje vifaranga vya mwatiko kwenye vidimbwi vya pwani? (Msomaji, Tumbe)

Watie kwenye beseni jeupe. Mwatiko wa sentimita moja na nusu ni kama kipande cha uzi wa nailoni: mwili wote unaangaza, macho mawili meusi yanaonekana, na doa moja jeusi katikati ya mwili. Huzunguka ukingoni mwa beseni wote upande mmoja, bila kuchoka. Vifaranga vya mkizi vina rangi ya fedha na hukimbia kwa kushtuka. Chochote chenye mdomo mpana au miiba, rudisha baharini. Safirisha asubuhi, na ukifika ongeza maji ya bwawa kidogo kidogo kwenye ndoo kwa nusu saa kabla ya kuwaachia.

Sisi ni kikundi cha akina mama. Uzio wetu wa majongoo bahari ni mita 20 kwa 20, tuliweka 1,000. Walikua vizuri, sasa wamesimama kwenye gramu 100. Tuwape nini? (Unguja Ukuu)

Mama zetu, msiwape kitu. Jongoo mchanga, aina hiyo mnayofuga, hula uchafu mwepesi uliomo kwenye mchanga, na mchanga wenu umefika mwisho wa uwezo wake. Mahali pa wastani hubeba kama gramu 200 mpaka 250 za majongoo kwa mita moja ya mraba. Nyinyi mna mita 400, na majongoo 1,000 wa gramu 100 ni kilo 100, yaani gramu 250 kwa mita. Pamejaa. Kwa ukubwa wa gramu 400 wanaotakiwa sokoni, uzio huo unatosha 250 tu.

Kwa hiyo ongezeni nyuzio tatu za ukubwa huo, au mwanzo mwingine muweke wachache. Kutia samadi ndani kutaozesha mchanga na kuwaua.

Kila mwezi pimeni 30. Waacheni wachuruzike maji kwenye tenga dakika mbili kabla ya mizani, la sivyo mnapima bahari. Wavu uzame mchangani sentimita 30, na kaa waondolewe kila maji yanapokupwa. Aliye chini ya gramu 15 akae kwanza kwenye kizimba cha wavu, maana kaa humla. Na vifaranga mvitafute kituo cha kutotolea cha Beit el Ras, msiwakusanye wadogo baharini. Majongoo wa baharini wameshavuliwa mno, na hao wadogo ndio mbegu iliyobaki.

Chakula cha dukani ni ghali. Tunaweza kutengeneza wenyewe? (Msomaji, Wete)

Mnaweza. Mwatiko anataka chakula chenye protini kama asilimia 25. Vumbi la dagaa lina kama 55, pumba laini za mpunga kama 10. Kwa kilo 10 changanyeni kilo 3.3 za dagaa na 6.7 za pumba, mfunge kwa uji mzito wa muhogo, mpitishe kwenye mashine ya kusagia nyama na kuanika juani. Pumba ziwe laini kweli. Makapi hujaza tumbo la samaki bure. Dagaa tumieni lile vumbi na vipande visivyouzika. Dagaa mzima ni kitoweo cha watu, hana haja ya kupitia tumboni mwa samaki mwingine.

Wape asilimia 3 ya uzito wao kwa siku: samaki 960 wa gramu 100 ni kilo 96, basi kilo 2.9, nusu yake iwe saa nne asubuhi na nusu nyingine saa kumi jioni. Tengenezeni cha wiki mbili tu kwa mara moja, mkitundike mbali na sakafu. Kikiota ukungu kimwageni kwenye shimo la mbolea, msijaribu kukianika tena.