Mildiu ya nyanya chini ya plastiki, Goma: kausha majani kwanza

Mama, umeeleza kwamba nyanya zako za Keshero ziko ndani ya nyumba ya plastiki, mvua haizigusi, na bado majani yanaoza kwa madoa meusi. Umepuliza mankozebu, dawa ya kuzuia ukungu, mara mbili na ugonjwa haujasimama. Plastiki inazuia mvua, lakini umande haiuzuii. Usiku wetu ni wa baridi, na ule mvuke wa ndani ukigusa plastiki iliyopoa unageuka matone. Ingia saa kumi na mbili asubuhi, pitisha kiganja kwenye plastiki upande wa ndani. Kikilowa, ujue majani nayo yamelala na maji, na mildiu, ugonjwa wa kuozesha majani unaoletwa na kiumbe kama ukungu (Phytophthora infestans), haihitaji zaidi ya hapo: jani likikaa bichi usiku mzima kwenye ubaridi, imeshaingia, na baada ya siku nne hadi saba inatoa mbegu zake kwa mimea ya jirani.

Hakikisha kwanza kama ni yenyewe. Doa lake halina umbo maalumu, linaanza popote, mara nyingi ukingoni mwa jani, na jani linaonekana kama limemwagiwa maji ya moto. Shina linapata mabaka ya kahawia iliyokolea, tunda linabaki gumu lakini na baka la kahawia lenye mabonde. Geuza jani alfajiri: pembeni mwa doa kuna ukungu mweupe mwembamba. Usipouona, chuma jani hilo, lifunge kwenye mfuko pamoja na kitambaa kibichi, liache kivulini hadi kesho yake. Kama ni mildiu, ukungu utatokea. Madoa ya duara ndani ya duara yanayoanzia majani ya chini ni alternaria, ugonjwa mwingine wa ukungu unaokwenda polepole zaidi. Mmea ukinyauka wote huku majani bado ni kijani, kata shina ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi; zikishuka nyuzi nyeupe, ni bakteria, na hapo ni kung'oa tu. Kuna pia mvua ya asidi inayoletwa na moshi wa volkano ya Nyiragongo, hasa upande wa Rusayo na Sake. Hiyo inachoma mimea ya nje ya kila aina kwa mara moja, maharage na mboga pia, na haina ukungu wowote.

Kama ni mildiu, anza leo mchana majani yakiwa makavu. Kata kila jani lenye doa, na mmea wenye baka kwenye shina kuu ung'oe wote, usiuonee huruma. Usitupe kwenye mbolea. Viwanja vingi vya Goma ni mawe ya volkano, kuchimba shimo refu ni kazi, kwa hiyo funga mabaki kwenye mfuko mweusi uuache juani mpaka yaive kabisa. Mildiu inaishi kwenye kitu kibichi. Jani likifa nayo inakufa.

Halafu hewa, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Nafasi za kupitisha hewa zifike angalau sehemu moja ya tano ya eneo la sakafu. Nyumba ya mita 4 kwa 6 ina mita 24 za mraba, inataka kama mita 5 za mraba za nafasi wazi. Ukikunja plastiki sentimita 50 kwenye pande zote mbili ndefu unapata mita 6 za mraba. Lakini pande za chini peke yake hazitoshi, kwa sababu hewa yenye mvuke inapanda juu na kukaa huko. Acha mwanya wa sentimita 20 hadi 30 chini ya kilele cha paa, wenye kifuniko kinachozuia mvua. Watu wengi wanafunga kila kitu jioni ili nyanya zisipate baridi. Baridi ya Goma haiui nyanya. Acha juu wazi usiku kucha, shusha pande pale tu upepo unaposukuma mvua ndani.

Panda sentimita 50 kati ya mche na mche, 80 kati ya mistari, shina moja kwa mmea. Vichipukizi vitoe kila wiki, asubuhi ya jua, ili kidonda kikauke. Matunda ya kwanza yakishafunga, ondoa majani yote ya chini hadi sentimita 30 kutoka ardhini. Maji yaende kwenye mzizi, asubuhi, kamwe si jioni.

Kuhusu dawa, mankozebu ya asilimia 80 inachanganywa gramu 2.5 kwa lita, yaani gramu 37 hivi kwa pampu ya lita 15. Pima kwa mizani. Inalinda jani ilipotua tu, haiponyi kilichokwisha kuingia, na majani mapya hayana kinga. Ndiyo maana ulipopuliza baada ya kuona madoa haikusaidia. Puliza chini ya majani pia, kila siku saba wakati wa mvua, mapema ili yakauke kabla ya usiku. Dawa yenye metalaksili, tofauti na mankozebu, inaingia ndani ya jani: itumie dalili zikiwa chache, mara mbili tu kwa msimu, maana ugonjwa unaizoea. Vaa glavu na barakoa, na heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye pakiti. Umoja wa Ulaya ulikataa mwaka 2020 kuongeza muda wa kibali cha mankozebu kwa sababu ya afya ya watu.

Mimi ningependelea mchanganyiko wa Bordeaux: gramu 100 za salfeti ya shaba kwenye lita 5 za maji, gramu 100 za chokaa iliyozimwa kwenye lita 5 nyingine, ndoo za plastiki, kisha mimina shaba ndani ya chokaa ukikoroga. Chovya msumari safi. Ukipata rangi ya shaba, ongeza chokaa, la sivyo itachoma majani. Tumia siku hiyohiyo.

Kagua pia nyuma ya jiko. Viazi vya kizungu vilivyoota kwenye takataka vinabeba ugonjwa huohuo, ving'oe. Na msimu ujao sia mbegu mwezi wa tatu, ili matunda yaive kati ya mwezi wa sita na wa nane, mvua ikiwa imepungua.