Muulize Fundi: Soli inayoachama na uzi unaokatika

SWALI: Fundi, shikamoo. Nashona viatu kijijini, sina umeme wala mashine. Soli ninazobandika zinarudi baada ya wiki mbili zimeachama mbele, ingawa gundi ni ileile wanayotumia mafundi wa mjini. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Huenda unabandika gundi ikiwa mbichi. Gundi ya viatu hushika ikishakauka juujuu. Ukiifunika mapema, kiyeyushi, yaani kimiminika kinachoilainisha gundi, kinabaki ndani na soli haishiki sawasawa. Ncha ya mbele ndiyo hukunjwa kila hatua, basi ndiyo huanza kuachia.

Kwangua gundi ya zamani yote. Piga msasa mkali, namba 60 au 80, mpaka mng'ao wa soli uishe na ngozi iwe na nyuzinyuzi. Vumbi litoe kwa brashi kavu, si kwa kupuliza, maana mate ni unyevu. Paka gundi nyembamba pande zote mbili. Ngozi huinywa, kwa hiyo ikikauka ipake tena. Ngoja dakika 10 hadi 15, zaidi kukiwa na mvua, kisha gusa: gundi ikinata bila kubaki kidoleni, bandika. Lenga vizuri, kwani ikishagusana haisogei. Gonga kwa nyundo kuanzia katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Kiatu kilale mpaka kesho. Mteja anayesubiri pekupeku umwazime kandambili, la sivyo atakuharakisha.

Soli ikiwa ya plastiki ya PVC, hata ufanye yote hayo gundi ya kawaida italegea, kwa sababu vilainishi vya plastiki huingia kwenye gundi. Hapo tumia gundi ya poliyurithani, au ishone tu.

Na jiko la mkaa likae mbali. Mvuke wa gundi unashika moto.

SWALI: Nikishona soli kwa mkono, uzi unakatika upande wa chini. Ninunue uzi mnene zaidi?

JIBU: Hapana, uzi mnene utajitokeza zaidi na kusagika upesi. Chora mfereji kwa kisu kuzunguka soli, kina milimita 2, uzi ulale humo. Uzi wenyewe upake nta ya nyuki kabla ya kushona. Tundu hadi tundu ziwe milimita 5 au 6. Zikikaribiana mno, ngozi inachanika kufuata mstari wa matundu, na ukifika hapo hakuna cha kushonea tena.