Kabla Hujarudia Maneno ya Kikaragosi

Kwa miezi kadhaa niliamini kwamba waziri mmoja wa serikali ya muungano ya Kenya, ile ya Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga iliyoundwa mwaka 2008, alikuwa ametamka maneno ya kuwadharau wananchi wenye njaa. Niliyarudia kwa hasira katika kikao cha ukoo, hadi mjomba aliponiuliza kwa upole, "Mpwa wangu, aliyasema wapi hayo, na siku gani?" Nilipotafuta, nikakuta yalitoka kinywani mwa kikaragosi katika The XYZ Show. Nilikuwa nimemsingizia mtu mbele ya wazee.

Kipindi hicho, kilichoasisiwa na mchora katuni Gado na kuanza kurushwa na Citizen TV mwaka 2009, kilikuwa na vikaragosi vya mpira vilivyofanana mno na viongozi wetu, na hata mtangazaji wake alikuwa kikaragosi kilichoketi nyuma ya meza kama ya taarifa ya habari. Ndiyo maana akili huyahifadhi maneno yake pamoja na habari zenyewe. Kicheko kinapokwisha, sentensi hubaki, na aliyeitunga husahaulika.

Sisemi tuache kutazama tashtiti. Waliokua enzi za Moi wanakumbuka jinsi kumwiga rais hadharani kulivyoogofya, na jinsi vijana watatu wa kundi la vichekesho la Redykyulass, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, walivyotusaidia kuishinda hofu hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990. Ninachokushauri ni kutazama taarifa ya habari kwanza, ili utambue mahali mtunzi alipotia chumvi, na usikubali kamwe kusambaza kipande kilichokatwa kikakosa mwanzo wake.

Nyumbani nina desturi ya kumwuliza binti yangu, kipindi kinapomalizika, ni lipi lililotokea kweli. Siku moja alikutana na picha ya nguruwe nje ya Bunge jijini Nairobi, akashikilia kwamba ni mzaha wa runinga tu. Tulitafuta magazeti ya Mei 2013, tukasoma pamoja jinsi waandamanaji walivyowaachilia nguruwe hao kupinga wabunge waliotaka nyongeza ya mishahara. Alisoma habari hiyo mara mbili, kisha akaniuliza wabunge hao walikuwa wakilipwa kiasi gani.