Jibu: Maneno yanayokaribiana na "kuvutiwa"

Ndugu, umeuliza kama "kuvutiwa na" linaweza kubadilishwa na "kupendezwa", "kushawishika" au "kutamani" popote pale. Si popote. "Kupendezwa na" ndilo la karibu zaidi, ila hilo ni furaha ya kitu ulichokwisha kukiona: nimependezwa na majibu yako. Anayevutiwa bado anasogea, anataka kujua zaidi. "Kushawishika" lazima kuwe na hoja au maneno yaliyokubadilisha msimamo. Ua halikushawishi, linakuvutia. "Kutamani" ni kutaka upate, na kwa mtu liangalie sana: "nimevutiwa na dada yule" ni ungwana, "namtamani" ni uchu.

Mvuto ukizidi, sema "kutekwa": alitekwa na sauti yake, hakusikia hata akiitwa. Kwenye maoni au siasa tumia "kuegemea", kwa mfano, mwandishi ameegemea upande mmoja.

Na tafadhali tusichanganye "kuvutwa" na "kuvutiwa", kosa hili limezagaa mno. Kamba huvutwa. Msikilizaji huvutiwa na hadithi. "Kuvutika" nalo sahihi, hasa moyo unapoelekea wenyewe: navutika kusoma ushairi.