Maswali ya Wasomaji: Usukani wa Mercedes Unaoelea Barabarani

SWALI: Bwana Mhariri, nimerithi kwa marehemu baba gari aina ya Mercedes-Benz E 220 la mwaka 1994, lile ambalo wapenzi wa magari hulitambua kwa namba W124. Injini yake haina neno, na viti bado ni vile vile nilivyovikalia nikiwa mtoto. Tatizo ni usukani. Mjini siuoni ubaya wake, lakini nikishika barabara ya Southern Bypass na kufikia kilomita 90 kwa saa, gari huanza kuelea. Naukata usukani kidogo na hakuna linalotokea. Naongeza, kisha gari linaitika ghafla kupita nilivyotaka. Lori likinipita, hulazimika kuushika kwa nguvu zangu zote. Mwaka huu nimefanya alaimenti, yaani kurekebishiwa pembe za magurudumu, mara tatu. Sasa fundi anasema boksi la usukani limekwisha, na kwamba ama alikaze kwa ile skrubu iliyo juu yake, ama tutafute jingine la mtumba. Je, nimkubalie? — Msomaji, Lang'ata

JIBU: Ndugu yangu wa Lang'ata, pole sana kwa kuondokewa na mzee. Kuhusu gari lake, naomba umwambie fundi aiache hiyo skrubu kwa sasa, na boksi la mtumba usilinunue. Inawezekana kweli kwamba boksi limechoka, lakini katika gari hili boksi ndilo la mwisho kushukiwa, na kwa maelezo yako sioni kwamba kuna kitu kingine kilichopimwa kabla yake.

Magari ya W124, yaliyotengenezwa kuanzia mwaka 1984 hadi 1995, hayatumii reki, yaani upau wenye meno unaosukuma magurudumu moja kwa moja, kama magari mengi ya leo. Yanatumia boksi lenye gololi za chuma zinazozunguka ndani ya mafuta, na kutoka kwenye boksi hilo nguvu ya mkono wako husafiri mwendo mrefu kabla ya kufika kwenye lami. Inapita kwenye mkono wa boksi, kisha senta linki, upau unaovuka chini ya gari, kisha aidla, mkono unaoushika upau huo upande wa pili, kisha tairodi, kijiti kinachosukuma gurudumu la kila upande, kisha gurudumu lenyewe, ambalo nalo limeshikwa chini na boljointi, kiungo chenye kichwa cha mviringo, na mkono mpana wenye bushi mbili za mpira. Hata kabla ya kufika kwenye boksi, nguzo ya usukani ina kiungio chake kinachochakaa. Kila kimoja kati ya hivi kikilegea unene wa ukucha tu, wewe uliyeshika usukani utauhisi ulegevu wote kwa pamoja, na hutajua umetoka wapi. Boksi limefungiwa ndani ya chuma na kulowekwa katika mafuta. Aidla na tairodi huishi nje, kwenye tope la mvua ya Aprili na vumbi la Januari, na hupigwa na kila tuta. Ndiyo maana natafuta kosa huko kwanza.

Nieleze pia kwa nini naiogopa skrubu. Meno ya boksi hili yamechongwa yabanane zaidi katikati, pale magurudumu yanapokuwa yamenyooka, na yaachiane kidogo pembeni. Fundi akiikaza skrubu ili kuficha ulegevu uliotoka kwingine, usukani utaonekana kuwa imara kwa siku chache, lakini baada ya kona hautarudi wenyewe katikati, meno yataliwa haraka, na ukifikia kiwango kibaya zaidi utakwama mkononi mwako. Niliwahi kuletewa gari kama lako, miaka niliyofanya kazi ya gereji katika Eneo la Viwanda, ambalo lilikuwa limebadilishiwa boksi mara mbili na kukazwa mara nisizojua idadi yake. Mwenyewe alikuwa amekata tamaa na anataka kuliuza. Kosa lilikuwa bushi ya aidla, kipande cha mpira kinachoenea kwenye kiganja, ambacho kilikuwa kimeliwa hadi mkono wa chuma unainuka na kushuka kila usukani unapoguswa. Yale maboksi ya bure yaliniuma, kwa sababu fedha zilizotumika zingetosha kufanya upya sehemu yote ya mbele.

Kwa hiyo anza kwa kipimo hiki, ambacho hakihitaji mashine. Gari lisimame kwa magurudumu yake yote manne mahali palipo sawa, lisiinuliwe kwa jeki, magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooka na injini ikinguruma. Injini isizimwe, kwa sababu ndani ya boksi kuna fimbo nyembamba inayojipinda ili kufungua vali ya mafuta ya pawa, yale yanayokusaidia kuukata usukani, na injini ikiwa imezimwa kujipinda huko hukudanganya kama ulegevu. Simama nje ya mlango wa dereva, ingiza mkono dirishani, usogeze usukani kwa kidole huku ukilitazama tairi la mbele. Ukingo wa usukani ukisogea zaidi ya upana wa vidole viwili kabla tairi halijatikisika, kuna kazi ya kufanya.

Baada ya hapo, fundi aingie kwenye shimo la gereji, gari likiwa bado limebeba uzito wake juu ya magurudumu, nawe uendelee kuucheza usukani polepole kushoto na kulia. Aweke vidole juu ya kila kiungo, nusu ya kidole upande huu na nusu upande ule. Kiungo kizima husogea kama kitu kimoja. Kilicholegea hutekenya ncha za vidole: upande mmoja hutangulia, wa pili hufuata kwa kuchelewa kidogo, na wakati mwingine utasikia mlio mdogo kama wa kucha mezani. Aidla iko upande wa kushoto, kwa kuwa boksi la magari yetu liko kulia, na huyo ndiye mshukiwa wangu wa kwanza. Aangalie pia bolti zinazolishikilia boksi kwenye chesisi, maana boksi zima lenye kazi nzuri likitikisika pale lilipofungwa, matokeo ni yale yale.

Boljointi ya chini haitaki mjadala. Gari liinuliwe, mkono wa chini ubebwe na jeki, gurudumu litikiswe kwa upau kutoka chini, na ukiona mchezo, yaani ulegevu, wowote hapo, gari lisirudi barabarani hadi ibadilishwe. Boljointi ikichomoka, gurudumu hukunjika chini ya gari ukiwa katika mwendo.

Sasa nije kwenye bushi za mikono ya chini, ambazo kwa umri wa gari lako nina hakika zimekauka ikiwa hazijawahi kuguswa. Ukizibadilisha, simama karibu wakati bolti zake zinapokazwa. Mpira wa bushi hizi haujizungushi juu ya bolti, bali hujipinda, na hali yake ya kutulia huamuliwa na mahali mkono ulipokuwa bolti ilipokazwa. Fundi akikaza gari likiwa juu, magurudumu yananing'inia, siku ya kwanza utakayolishusha mpira utakuwa umepindwa tayari, na baada ya muda si mrefu utachanika. Gari lishushwe, lisukumwe mbele na nyuma, libonyezwe mara kadhaa ili likae, ndipo bolti zikazwe kwa kipimo. Ni jambo la dakika kumi, na nimeona bushi nzuri zilizonunuliwa kwa bei ghali zikiharibika kwa kulikosa. Ukienda Kirinyaga Road kutafuta spea, ulizia zile za mtengenezaji anayelisambazia kiwanda chenyewe, kama vile Lemförder, na ufungue pakiti mbele ya mwenye duka. Bushi za plastiki ngumu ambazo vijana wengi wanazipenda sikushauri kwa gari hili. Zitakupa usukani mkali kidogo na kelele nyingi, na utulivu ambao mzee wako alilinunulia gari hili utaondoka.

Matairi nayo yanaweza kuleta nusu ya malalamiko yako. Saizi ya kawaida ya gari lako ni 195/65 R15. Kibandiko cha upepo kiko ndani ya kifuniko cha tanki la mafuta, na hicho ndicho cha kufuata, si mazoea ya kijana wa kituo cha petroli. Kisha soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi baada ya herufi DOT: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata (michoro ya kukanyagia) nzuri lakini mpira mzee hujipinda ubavuni kabla ya kuligeuza gari, na hisia yake mkononi ni ile ile uliyoieleza, ya kukata bila kujibiwa na kisha kujibiwa kupita kiasi.

Usisahau nyuma. Kila gurudumu la nyuma la W124 limeshikwa na mikono mitano, muundo ambao Mercedes-Benz ilianza nao kwenye gari dogo la 190 mwaka 1982, na kila mkono una mipira yake. Ikichoka, magurudumu ya nyuma hujigeuza yenyewe kidogo, na dereva huulaumu usukani. Mahali palipo wazi na salama, kanyaga mafuta kisha uachie ghafla barabara ikiwa imenyooka. Mkia ukihama upande kila unapofanya hivyo, peleka macho huko. Gari kuvutwa kidogo kushoto, kwa upande mwingine, si lazima iwe ugonjwa, kwa kuwa barabara zetu huinamishwa kushoto ili maji yatoke.

Alaimenti iwe ya mwisho kabisa. Zile tatu ulizolipia zilipima viungo vilivyolegea, na kipimo kilibadilika ulipotoka getini. Safari hii mwombe fundi wa mashine aanze na nyuma, kisha aliweke boksi katika kitovu chake halisi, ndipo arekebishe tairodi za pande zote mbili. Wengi huunyoosha usukani kwa kuuchomoa na kuurudisha, au kwa kuzungusha tairodi moja tu. Usukani unaonekana umenyooka lakini boksi linafanya kazi pembeni, pale meno yalipoachiana, na ulegevu unarudi. Magurudumu ya mbele yaelekee ndani kidogo, kama kiwanda kinavyoagiza, maana yakielekea nje gari hutangatanga, na kasta, yaani mwegemeo wa mhimili wa gurudumu kuelekea nyuma, ya kulia na kushoto ilingane, kwa sababu hiyo ndiyo huurudisha usukani katikati. Gari hili lina bolti za kurekebisha kasta kwenye mikono ya chini, kwa hiyo usikubali kuambiwa haiwezekani.

Ikiwa baada ya haya yote bado kuna mchezo ndani ya boksi, hapo skrubu ina haki ya kuguswa, kidogo kidogo, na mtu anayelijua boksi hilo, usukani ukijaribiwa kutoka mwisho hadi mwisho baada ya kila mguso.

SWALI: BMW 528i yangu ya mwaka 1999 hutetemeka usukani nikikanyaga breki kutoka kilomita 100 kwa saa. Nimebadilisha diski mara mbili na tatizo linarudi. Nianzie wapi? — Msomaji, Donholm

JIBU: Anzia kwenye bushi za ile mikono miwili ya mbele inayoelekea mbele ya gari. Katika gari lako, ambalo ni la umbo la E39, bushi hizo zina kimiminika ndani yake, na zikipasuka hukivujisha. Piga tochi, ukiona alama ya majimaji meusi kwenye mpira umepata jibu. Diski yenye kasoro ndogo isingehisika bushi ikiwa nzima, lakini ikiwa imepasuka, kasoro hiyo hukuzwa hadi mkononi. Badilisha za pande zote mbili kwa pamoja, ukaze bolti gari likiwa limebeba uzito wake, kama nilivyomweleza mwenzako. Na ukiagiza spea za usukani, taja kwamba gari lako ni la silinda sita: hizo zina reki, ilhali 540i ya umbo hilo hilo ina boksi, na spea zake ni tofauti.

SWALI: Nina Mercedes E 250 ya umbo la W212. Nataka liitike haraka kwenye kona. Je, springi fupi na rimu za inchi 19 zitasaidia? — Msomaji, Ruaka

JIBU: Kwa barabara unazopita, hapana. Gari likishushwa, mikono ya mbele hubadilisha pembe yake na magurudumu huanza kujigeuza yenyewe kila yanapopanda na kushuka, kwa hiyo lami ikiwa na mawimbi utapata usukani usiotulia, kinyume cha ulichotaka. Rimu kubwa zenye ubavu mwembamba zitapinda kwenye shimo la kwanza la msimu wa mvua. Tumia fedha hizo kununua matairi manne mapya ya aina moja kwa saizi ya kiwandani, na shoki mpya nne ikiwa zilizopo ni zile gari lilizokuja nazo. Zifungwe zote kwa siku moja, na uende moja kwa moja kwenye alaimenti.