Unasoma ukuaji wa seli T? Ifuate seli moja

Mwaka wa pili chuoni nilikesha nikikariri somo la seli T, seli nyeupe za damu za kinga ya mwili, kisha swali la kwanza la mtihani likanishinda: seli isipopata ishara yoyote ndani ya thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, inakuwaje? Majina ya vipokezi, yaani protini za seli zinazopokea ishara, nilikuwa nayo yote. Jibu sikuwa nalo.

Tangu siku ile ushauri wangu kwa wanaosomea kinga ya mwili ni huu: shika seli moja, ifuate tangu inatoka kwenye uboho, na kila inapofika jiulize inaambiwa nini na kupitia kipokezi gani.

Ikiingia thaimasi, bado haijawa seli T. Kipokezi chake cha Notch1 ndicho kinachoielekeza iwe seli T. Watafiti walipoizima jeni yake kwa panya, ndani ya thaimasi zikaota seli B, zile za kutengeneza kingamwili. Kipokezi cha interlukini-7, protini ya kupeana ishara kati ya seli, nacho huiweka hai. Mtoto anayezaliwa na kasoro kwenye kipokezi hicho huwa na seli B lakini seli T hana.

Sasa tulia kwenye kipokezi cha seli T chenyewe. Kila seli hujiundia chake kwa kuchanganya vipande vya jeni, kisha hupimwa kwa protini za MHC, zinazoonyesha juu ya seli nyingine vipande vya protini za mwili wenyewe. Kisiposhika kitu, seli hufa, na nyingi huishia hapo. Kikishika kwa nguvu mno, nyingi huuawa, maana zingekuja kuushambulia mwili. Kikishika kwa kiasi, seli inapona. Mpaka leo nashangazwa na hili: kuna seli za thaimasi zinazotengeneza hata insulini, kazi ya kongosho, ili seli T zipimwe nayo mapema.

Halafu CD4. Tumeizoea kliniki, "CD4 zako ngapi?", tukadhani ni jina la seli. Ni protini iliyo juu ya seli. Seli changa hubeba CD4 na CD8, protini nyingine ya aina hiyo, kwa pamoja. Inayoitikia MHC ya daraja la pili hubaki na CD4, ya daraja la kwanza hubaki na CD8.

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza huwa nawapa karatasi ya manila na kalamu nyekundu, wachore kwanza seli zilizokufa. Karatasi ikishakuwa nyekundu karibu yote, ndipo wanachora ile iliyopona.